Aliyeicheka Filamu Yake

Kikundi chao cha kutengeneza filamu kilikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Filamu mpya huonyeshwa kwanza kwa watu wasiojua ni ya nani, na mwenye filamu hujichanganya nao, akakaa kama mtazamaji yeyote, akaisikia ikisifiwa au ikitukanwa, asijitaje mpaka aitwe mwishoni. Aliyeitunga sheria hiyo ni Kidole mwenyewe. Aliitunga wakati filamu zilikuwa za wenzake.

Jina la Kidole alipewa kwa sababu hakuwa mtu wa kupiga kelele kazini, hata alipokuwa akiwasimamia waigizaji katika filamu za wenzake. Kidole juu, watu kimya. Kidole chini, kamera inawaka. Kidole kikizungushwa hewani, rudieni, mmeboronga. Leo hakuwa na wa kumwamrisha. Alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya ukumbi wa chuo cha ufundi, mchana kweupe, madirisha yamezibwa kwa mapazia meusi yaliyobanwa na pini. Filamu iliitwa *Njia ya Zohali*. Ilikuwa yake ya kwanza, na ingawa kila mtu alimshauri aanze na kisa cha mapenzi, yeye alishikilia kwamba ataanza na safari za anga.

Kulia kwake alikuwa amekaa msusi, mama wa makamo, vidole bado vinanukia mafuta ya nywele.

"Umeshaiona hii?" msusi akamuuliza.

"Bado."

"Nasikia imetengenezwa hapa hapa. Haya, tuone watatupeleka wapi."

Taa zikazimwa. Gizani kukasikika miguu ya waliochelewa ikitafuta viti nyuma yake, kisha muziki ukaanza, na chombo cha anga kikatokea kwenye ukuta mweupe, kikubwa kuliko Kidole alivyowahi kukiona. Kwenye kompyuta yake, chombo kile kilikuwa chombo. Hapa ukutani kilikuwa tangi la maji lililopakwa rangi ya fedha, na chini ya rangi hiyo maandishi ya kiwandani yalisomeka bila taabu: LITA ELFU TANO.

"Jamani, tangi hilo!" mtu akapiga kelele. "Na bomba liko wapi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kidole alihisi moto ukimpanda shingoni. Vikaja vimondo, vile alivyovining'iniza kwa uzi usiku kucha, na hata kabla havijafika katikati ya ukuta sauti ile ile ikasema, "Viazi hivyo, tena havijamenywa!" Watu wakavunjika mbavu. Likaja zimwi la Zohali, yaani binamu yake aliyezungushiwa karatasi ya bati ya jikoni, likakanyaga mkia wake lenyewe. Kisha rubani akatangaza kwamba hewa chomboni imekwisha, na yeye na mhandisi wakaanza kubishana juu ya njia ya kupita, wakabishana, wakabishana.

"Hewa si imekwisha?" msusi akasema. "Sasa hawa wanapiga domo kwa pumzi ya nani?"

Swali lilikuwa la haki. Kidole aliliandika tukio lile mwenyewe, akalisoma mara nyingi, na shimo kubwa kama lile hakuliona. Alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na kiti chake. Alijikausha, macho ukutani, akiomba Mungu umeme ukatike.

Msusi akampiga kiwiko. "We dada, mbona hucheki? Au ni ya ndugu yako?"

Sheria ilimtaka akae kimya tu. Haikumtaka zaidi ya hapo. Lakini mwenye aibu hutafuta pa kuitua.

"Ndugu yangu?" akasema, akacheka kwa sauti. "Mimi nimeburutwa na jirani. Na huyo mhandisi, na mwili ule, alipitaje kwenye mlango wa tangi? Walimpaka sabuni? Msikilize anavyoongea. Utadhani anauza mapazia."

Msusi alijipiga paja. "Wewe ni mbaya!" Safu ya mbele wakageuka, wakacheka nao. Kwa mara ya kwanza tangu taa zizimwe Kidole alipumua vizuri. Alikuwa upande wa wanaocheka, na kulikuwa na raha yake.

Hapo ndipo nyuma yake mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, mara mbili, halafu pumzi ikavutwa. Kidole angekitambua hata kati ya watu elfu. Ni kikohozi cha mtu aliyevuta vumbi la vitambaa miaka nenda miaka rudi, na yeye alikuwa amekesha wiki nzima akikiondoa kwenye sauti ya filamu, kipande kwa kipande. Aliyekuwa nyuma yake ni Fundi, mshonaji wa nguo, rafiki yake. Ndiye mhandisi wa *Njia ya Zohali*.

Waigizaji hawakutakiwa ukumbini, maana sura zao zingetambulika. Fundi alikuwa ameingia gizani pamoja na waliochelewa. Huenda alikuwa amejifunika mtandio. Kidole hakugeuka kuthibitisha.

Akakumbuka alivyomwomba. Waigizaji waliosomea kazi yao walikuwa wamemkatalia, mmoja akimwambia wazi kwamba hawezi kujifungia ndani ya tangi na digrii yake. Ndipo akaenda kwa Fundi, akamkuta akiinamia cherehani, akamwambia acheze yeye kama mhandisi na Nesi, muuguzi, kama rubani, maana wale wawili walikuwa wamekua nyumba moja, chumba kwa chumba, na walizoea kumaliziana sentensi. Nesi alikubali papo hapo. Fundi aliutazama mwili wake, akatikisa kichwa.

"Mimi? Kwenye ukuta mkubwa vile? Watanicheka, Kidole."

"Atakayekucheka atanipitia mimi kwanza."

Ndivyo alivyosema. Na Fundi akashona suti zote mbili za anga kwa turubai la kufunikia gari, akaivaa ya kwake, akaingia kwenye tangi.

Ukutani filamu iliendelea, na Kidole alijua kinachofuata: tukio ambalo hakuliandika. Siku ya kurekodi jenereta lilizima katikati ya kazi, naye akatoka nje kwenda kugombana na mwenye jenereta. Mpiga picha aliiacha kamera ikiwaka kwa betri. Ndani ya tangi wale wawili walibaki wakingoja kwa mwanga wa tochi. Nesi alikuwa ametoka zamu, macho yanajifumba. Fundi akamvua kofia, ile waliyoitengeneza kwa beseni, akaanza kumpepea kwa karatasi.

"Lala," Fundi alisema ukutani. "Nikiiona Zohali nitakuamsha."

"Na wewe ukisinzia?"

"Tutaipita. Tutarudi nyuma. Kwani inahama?"

Nesi alicheka kwa uchovu, akaegemea bega lile pana, akalala kweli. Fundi akaendelea kumpepea, mkono ukichoka akibadilisha, macho yake mbele gizani kama dereva aliyebeba watoto wa watu.

Kidole alilibakiza tukio hilo kwa sababu filamu ilikuwa fupi. Alipanga kulitoa mara tu kijana wa kompyuta akimaliza kumchorea mlipuko. Kijana hakumaliza.

Ukumbi ulikuwa umetulia. Yule bwana wa viazi alijaribu neno, akakatizwa.

"Nyamaza wewe, tusikie!"

Kuanzia hapo tangi likawa chombo. Si kwamba watu waliacha kuyaona maandishi, waliacha kuyajali. Rubani alipotoka nje ya chombo kurekebisha mtambo, amefungwa kamba ambayo kila mwenye macho aliiona ni ya kuanikia nguo, na kamba ikaanza kufumuka, mwanamke mmoja alisimama wima. "Mshike!" akalia. "Mhandisi, mshike mwenzako!" Wengine wakadakia. Mhandisi akatoa nusu ya mwili wake nje ya mlango, mwili ule ule, akauziba mlango wote, akamshika mwenzake kifundo cha mguu, akagoma kumwachia. Ukumbi mzima ukashusha pumzi kama mtu mmoja.

Msusi alikuwa anajifuta macho. "Nina mwenzangu kama huyo," akanong'ona. "Alihamia mbali. Hivi hawa kweli wanaigiza?"

Kila sifa ilimpiga Kidole kama kofi. Alikuwa ameinunia filamu kwa yale aliyoyapanga yeye, na watu waliipenda kwa lile lililotokea akiwa nje. Na mmoja wa waliomwokolea kazi yake alikuwa nyuma ya kiti chake, hakohoi tena.

Taa zikawashwa. Watu wakapiga makofi, si ya heshima tu. Mratibu wa ukumbi, mwalimu wa chuo aliyeletewa filamu na mpiga picha, akauliza nani ana neno.

"Tangi ni tangi, tusidanganyane," bwana wa viazi akasema. "Na ile hewa mkaitafute tena. Lakini hao wawili? Hao ningewafuata hata ndani ya pipa."

"Aliyewachagua apewe heshima yake!" msusi akapaza sauti.

"Basi mwenye filamu asimame tumwone," mratibu akasema.

Hakuna aliyesimama. Kidole aliangalia viatu vyake. Akisimama, msusi atajua. Akibaki amekaa, hakuna atakayejua ila mmoja, na huyo alikuwa ameshajua. Watu wakaanza kutazamana.

Kiti kikalia nyuma yake. Fundi alikuwa amesimama, mtandio mabegani.

"Mhandisi!" ukumbi ukalipuka. "Ndiye! Ndiye huyo!" Wengine walisimama juu ya viti. Fundi alingoja watulie, akakohoa mara mbili.

"Nimecheza mimi na mwenzangu, yuko zamu. Asanteni sana. Mwongozaji wetu hakuweza kufika. Amepata dharura."

Alilisema bila kumtazama Kidole. Alikuwa amemfungulia mlango wa kutokea, na ilikuwa kazi ya Kidole kuamua kama ataupita. Angeweza. Kelele zingeisha, angeteleza pembeni, jioni angetafuta maneno matamu ya kumpigia simu.

Akasimama.

"Nipo," akasema. "Ni mimi."

Msusi alimkodolea macho, mdomo wazi. "Wewe? Si umesema umeburutwa na jirani? Si wewe uliyesema mhandisi walimpaka sabuni, eti anaongea kama muuza mapazia?"

Aliyasema kwa mshangao wa kweli, kwa ile sauti yake ya saluni, na yakafika kila kona. Makofi yakafa. Watu walimtazama Kidole, kisha Fundi, kisha Kidole tena. Udhuru ulikuwa tayari mdomoni: sheria ya kikundi, lazima mtu ajifiche, ilikuwa mbinu tu. Ungekubalika. Aliumeza.

"Ni mimi niliyesema," akajibu. "Niliionea haya filamu yangu, nikamtupia yeye haya zangu. Tangi ni langu. Viazi ni vyangu, na hewa niliimaliza mimi. Lile tukio mlilolipenda, la kupepeana, sikuwepo hata. Nilikuwa nje nagombana na mtu. Nilitaka kulitoa."

Hakuna aliyejua apige makofi au agune. Fundi alimwangalia kwa mara ya kwanza.

"Kaa chini, Kidole," akasema taratibu. "Watu wanataka kwenda makwao."

Watu walimzonga Fundi, wakataka picha, mwanamke mmoja akamshika mkono asimwachie. Kidole alibaki penye kiti chake. Fundi alipojinasua, njia ya mlangoni ilimpitisha mbele yake, akasimama.

"Fundi..."

"Nampitia Nesi kazini. Nitamwambia wameipenda."

"Na mengine?"

"Ya kwako hayo. Utamwambia mwenyewe." Akajifunga mtandio upya. "Usinipigie. Nitakupigia mimi."

"Lini?"

Fundi alifikiri kwa dhati, kama anayepima kitambaa asije akakosea. "Kile kicheko chako kikinitoka masikioni," akasema. "Sijui ni lini." Akatoka.

Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Msusi, mkoba begani, alikuwa bado yupo.

"Mfuate basi!"

"Amesema nisubiri."

Msusi alimpima juu mpaka chini, akaguna. Akainua kiti chake, akamsukumia mikononi.

"Haya, subiri," akasema. "Lakini usisubiri umekaa."

Wakaanza kukusanya viti, wakianzia safu ya nyuma.