Kuulaza Mplamu wa Nduta

Mimi si mmbea, ila kutaka kujua ndio ugonjwa wangu, na ua wetu hapa Mamboleo ni mmoja: jirani yangu Nduta akipiga chafya, namwambia pole kutoka jikoni kwangu. Kwa hiyo alipomleta mama yake kutoka Kinangop, nilikuwa wa kwanza kubisha hodi.

Shosho Magdalene, bibi kizee mwenyewe, alikuwa ameketi nje, mbele ya mti wa Nduta, amepakata koti zito la sufu. Kisumu! Saa saba mchana!

"Shosho, si uweke hiyo koti ndani?"

"Ya nini? Mimi niko safarini."

Nduta alinieleza baadaye tukiosha vyombo mferejini. Mama yake aliishi peke yake tangu baba afariki, na baridi ya kule ilikuwa imemmaliza magoti. Siku moja alianguka uani, akalala hapo mpaka muuza maziwa alipompata. "Akirudi huko, Mama Brandon, ni kungoja tu kupigiwa simu," alisema. Lakini Shosho alikuwa ameshikilia lake: mvua ndefu zikianza, anarudi.

Na shahidi wake alikuwa ule mti. Ni mplamu wa urembo. Watu huupanda kwa ajili ya majani yake ya zambarau na maua yake, si kwa matunda. Nduta alikata kijiti kwenye mti wa langoni kwa mama yake, akakiotesha hapa, akaupogoa na kuumwagilia kila jioni. Majani ulitoa kwa fujo. Ua hata moja haukutoa.

"Huyu ni mtoto wa mti yangu," Shosho aliniambia. "Umeona maua? Imekataa hapa. Na mimi pia."

Mtu mwenye adabu angenyamaza. Mimi nikauliza, "Kwani huko kwenu unachanua lini?"

"Baridi ikiisha. Baridi inakuja, majani inaanguka yote, mti inalala. Ikiamka, inaamka na maua."

"Sasa hapa baridi itatoka wapi? Si huu mti haujawahi kulala tangu uzaliwe?"

Alinikazia macho, nikadhani nimemkosea. Kisha akaugeukia mti, akautazama kama mtoto msumbufu ambaye kumbe ana usingizi tu.

Kesho yake Nduta alikuwa soko la Kibuye akiuza viazi. Nilichungulia dirishani nikamwona Shosho amepanda stuli, na magoti yale, anachuma majani moja moja. Chini kote kulikuwa zambarau. Nilitoka mbio, mwiko wa ugali mkononi.

"Shosho! Unafanya nini?"

"Naulaza. Nishikie hiyo tawi ya juu. Na usivunje hiyo jicho chini ya jani, ua inatokea hapo."

Nikashika. Ningefanyaje? Nilitaka kujua. Alisema kuna mwaka baridi ilikosekana Kinangop, wakulima wakachuma majani ya miti yao kwa mikono na kuinyima maji, ikadhani baridi imepita, ikachanua. Kama mti wa Kisumu ungedanganyika au ungekufa, hilo hakulijua.

Nduta aliposhuka bodaboda na kukuta vijiti vitupu, hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mama, kama unataka kuenda, enda. Lakini mti wangu imekukosea nini?"

Jioni alitoka na ndoo ya maji. Nilimrukia, tukaivuta, maji yakatulowesha wote wawili.

"Utauamsha kabla ya wakati!"

"Tangu lini wewe unajua miti?"

"Tangu asubuhi!"

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Mama na binti walisemezana kupitia kwangu, mwambie huyu chai iko, mwambie huyo nimeshiba. Amolo, jirani wa nyuma, akauliza kama tunauza kuni, nami nikamjibu vibaya. Kila asubuhi nilikwangua kijiti kwa ukucha nione kama ndani bado ni kibichi. Kilikuwa kibichi, lakini nilikuwa na hofu.

Mwishowe Shosho akasema, "Sasa maji." Nduta akaleta.

Maua yalipokuja, yalikuja kwenye tawi moja tu, la chini, upande wa kivuli. Madogo, ya waridi hafifu, yamekaa juu ya kijiti kisicho na jani. Nduta alijiziba mdomo kwa mkono. Shosho aliyagusa kwa kidole, akainusa ile ncha ya kidole.

Lakini mawingu ya mvua ndefu yalikuwa tayari juu ya vilima vya Kajulu. Shosho akasimama, akachukua koti lake, akalikung'uta.

"Mama, tafadhali," Nduta akasema.

Shosho alimpita, akaja kwangu. "Mama Brandon, Disemba si unaendanga kwenu Kimilili? Nasikia huko kuna baridi." Akanivika koti mabegani. "Chukua. Mimi hapa inanichoma tu bure."

Nilibaki nimelivaa palepale, juani, jasho likinitiririka mgongoni, na sikulivua mpaka Nduta alipomaliza kulia.