Pesa Isiyonuka

Binamu yetu wa Brussels alimtumia baba mudogo Frédéric sarafu ya fedha ndani ya kiboksi cha mahameli. Upande mmoja, simba na jina la nchi yetu, franga kumi. Upande wa pili, mzungu anateleza kwenye theluji. Zinatengenezwa kwa watu wa Ulaya wanaozifungia kabatini. Sisi wenye nchi hatukuwahi kuziona. Wakati ule vita viliikata nchi vipande, lakini kwenye sarafu ilikuwa nzima na inang'aa.

Baba mudogo, mlimaji wa mpunga wa Sange, alikuwa anavuka mpaka kumtoa binti yake Uwimana, anayeolewa Bujumbura siku ileile, nami nilimsindikiza. Bila mkono wa baba, bibi arusi hatoki nyumbani. Sarafu ilikuwa zawadi ya wakwe.

Kwenye barieri ya Kavimvira, kizuizi cha mpakani, askari wa waasi akafungua kiboksi.

"Muzee, hii iko nini?"

"Pesa ya nchi yetu, shefu!" akajibu kwa fahari. Ningemziba mdomo na mkate.

"Pesa mupya ya serikali ya Kinshasa? Weye iko mupelelezi! Vua viatu, kaa chini."

"Shefu," nikasema, "mupelelezi gani anavaa koti ya arusi na jua hili?"

"Nyamaza, ao weye pia utavua."

Nikakimbia kumwita mama Capitoline, mbadilisha pesa, ambaye hata askari humletea noti awaambie kama ni za kweli. Akaitazama sarafu, akainusa, akaisugua kwenye kitenge, akainusa tena.

"Hii haiko pesa."

"Imeandikwa franga!" akapinga askari.

"Iandikwe. Pesa ya Congo inanuka samaki wa ndagala na jasho, iko noti iliyopasuka na gundi katikati. Hii inanuka nini? Na nani alikuuzia hata nyanya kwa chuma?"

Askari akakuna kichwa. "Basi iko nini?"

"Medali," akasema Capitoline.

"Ya ushujaa," nikadakia. "Ona huyu anavyoshuka mulima bila kuogopa. Muzee alikuwa anakuletea."

Baba mudogo akafungua mdomo. Capitoline akamkanyaga mguu wake usio na kiatu. Askari akachukua medali yake, akaturudishia kiboksi, akatupisha.

Tulifika Bujumbura, Uwimana akiwa amesimama ndani ya mlango, shela imelowa machozi. Baba yake akamshika mkono, akamtoa, huku akichechemea. Wakwe walipewa kiboksi kitupu. Wakakisifu sana, wakaweka pete ndani yake.

Tuliporudi kesho yake, yule askari alikuwa ameitoboa sarafu, ameivaa kifuani, simba wa serikali anayopigana nayo akitazama barabara. Nikampigia saluti. Akaipokea.