Baba Mkwe Langoni

Nani alimtuma Muzee Hilaire Ukumu kufika kazini mapema siku ile? Angechelewa hata robo saa, mwenzake wa zamu angekuwa mbele yake na Shefu Lambert angemchukua huyo, au ndivyo alivyodhani. Lakini wapi! Miaka tisa ya kuokota mawe na misumari kwenye pisti ya kurukia ndege, uwanja wa ndege wa Bunia, hajachelewa hata mara moja, kana kwamba kuna mtu anayemshukuru. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa tayari nje ya ofisi ya ulinzi na ndoo yake, panga la kukatia majani na bakuli la sombe, kisamvu chake cha mchana. Hapo ndipo walipomdaka.

"Muzee, ingia kidogo," Lambert alimwita. Lambert ndiye mkuu wa walinzi.

Ndani alikuwa amekaa mgeni mwenye koti la kijivu, enspekta kutoka Kinshasa. Alikuja kupima kama walinzi wa lango la wafanyakazi wanapekua watu sawasawa. Mezani mbele yake palikuwa na chuma chenye umbo la bastola. Haikuwa bastola ya kweli, haina hata tundu la risasi. Ni chuma cha kupimia watu tu.

"Utafunga hii mu kiuno, chini ya koti, upite nayo ku mulango," Lambert alisema huku akikata utepe wa gundi. "Mulinzi akiipata, amepita mutihani. Asipoipata, anatoka ku kazi leoleo. Na weye ufunge kinywa. Ukimuonya mutu, badji yako ya kuingilia na ya yule yote inakatwa. Saini hapa."

Mzee mwenye wajukuu saba nyumbani kwake mtaa wa Saio, kazi nyingine ataipata wapi? Alisaini. Tena, tuseme ukweli, hakuogopa sana, na sababu yake ilikuwepo.

Lango la wafanyakazi lilikuwa na walinzi wawili wa kiume, Yves na Gauthier. Gauthier alikuwa mume wa Gentille, binti yake Hilaire. Na kwao, kule Mahagi walikotoka wote wawili, baba mkwe hashikwi mwili. Unamwamkia kwa kuinama, unampisha njia, unampa kiti kizuri. Lakini kumpapasa kiunoni na mapajani kama mwizi wa simu sokoni? Aa, hapana! Hiyo ni kuita mkosi ndani ya nyumba yako mwenyewe. Kwa hiyo walikuwa na utaratibu wao, ambao hawakuwahi hata kukaa kuuzungumza. Kila asubuhi zamu ya Hilaire ikifika, Gauthier anajitenga, anageuzia uso kwenye daftari la vifaa, na Yves ndiye anayempekua mzee. Na Yves, jamani, hakuna alichoacha. Alikuwa na mikono kama ya mpasua kuni, ukitoka kwake mbavu zinauma.

Basi Hilaire alipiga hesabu zake. Yves ataupata ule uchafu, walinzi wote wawili watasifiwa, na yeye ataenda kuokota mawe yake. Akakokota miguu hadi langoni, chuma kinamkwaruza tumbo.

Foleni ilikuwa ya watu kama kumi. Akanyoosha shingo, akatazama. Gauthier yupo. Mlinzi wa kupekua wanawake yupo. Yves hayupo.

"Yves iko wapi leo?" aliuliza Christella, mfagiaji wa ukumbi, aliyekuwa mbele yake tu.

"Shefu alimutuma ku upande ya bapasaje, kupekua basafiri," Gauthier alijibu. "Niko peke yangu."

Hilaire aligeuka kutazama ofisi ya Lambert. Loo, mbwa yule! Kumbe Lambert alipanga yote. Uwanja mzima ulijua kwamba Gauthier hamgusi baba mkwe wake. Walikuwa wakimtania kwa hilo kila siku. Na uwanja mzima ulijua pia kwamba Lambert ana mdogo wake kule Komanda anayesumbuka kutafuta kazi mwaka mzima sasa. Katika wafanyakazi wote amchague Hilaire, halafu Yves amwondoe? Hiyo haikuwa bahati mbaya. Walimfunga mzee wa watu chuma tumboni ili amfukuzishe kazi mume wa mtoto wake.

Zamu yake ikafika. Gauthier aliinama, akaamkia kwa mikono yote miwili, kisha akafanya kazi yake kwenye vifaa, na aliifanya vizuri mno. Alipindua ndoo, akagonga sehemu ya chini kusikia kama kuna kilichofichwa. Alisoma namba iliyopakwa rangi kwenye mpini wa panga, akailinganisha na daftari, akaandika. Hata sombe aliifunua, akaikoroga na kijiko safi alichokuwa nacho kwa kazi hiyo. Kile kijiti cha kupimia vyuma kilikuwa kimelala mezani, betri ilikufa tangu Pasaka. Siku hizi ilikuwa mikono tu.

"Pita, Baba," Gauthier alisema, macho chini.

Hilaire hakusogea. Akaweka ndoo chini, akanyanyua mikono juu.

"Nishike."

"Baba?"

"Nishike, mutoto yangu. Fanya kazi yako."

Gauthier alitabasamu kwa aibu. Alidhani mzee anamhurumia, kwamba ameona Yves hayupo na anataka kumpunguzia mzigo. "Apana, Baba. Nitaanza kukushika weye, kesho Gentille nitamutazama na macho gani? Pita tu."

"Nasema nishike! Kiuno hapa, shika!"

Watu kwenye foleni wakaanza kucheka. "Muzee anatafuta mukwe wa kumukumbatia!" Christella alipaza sauti kutoka ng'ambo ya lango, na kicheko kikaenda hadi mwisho wa foleni. Gauthier alitokwa jasho usoni. Alirudi nyuma hatua moja, akaficha mikono mgongoni kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Hilaire alimtazama kwa hasira. Mjinga huyu! Mjinga mwenye adabu zake! Angekuwa mkwe mkorofi, mlevi, asiyejua mkubwa wala mdogo, leo angeokoka. Neno moja tu lilitosha. "Niko nayo." Lilikuwa pale kwenye ulimi, lina uzito wake kabisa. Lakini nyuma ya kioo cha ofisi aliona koti la kijivu, na pembeni yake Lambert amekunja mikono. Akaiwazia badji yake. Akawawazia wale wajukuu saba. Akalimeza neno.

"Nishike, nakuomba," alisema mara ya tatu, polepole sana.

"Siwezi, Baba. Unisamehe."

Akaokota ndoo, akapita.

Hakufika hata hatua ishirini. Enspekta alitokea, akamsimamisha mbele ya watu wote, akampandisha koti na shati hadi kifuani. Tumbo la mzee, lenye mvi na makovu ya upasuaji wa zamani, likabaki wazi mbele ya wanawake. Utepe ukabanduliwa kwa nguvu, na ile bastola ya uongo ikanyanyuliwa juu. Kicheko kilikatika. Lambert alikuwa amekuja na mkasi mfukoni, alijua atauhitaji. Akakata badji ya Gauthier vipande viwili palepale, akavitupa kwenye ndoo ya Hilaire.

"Asante, muzee. Umefanya vizuri," enspekta alisema, akamgonga bega.

Gauthier alivua fulana ya kazi, akaikunja vizuri kwa mishono yake, akaiweka juu ya daftari, akaondoka kwa miguu akifuata ukuta.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, Gentille na mumewe walifika Saio. Gauthier alikuwa amebeba kuku jike mweupe aliyefungwa miguu. Hilaire alipowaona kwenye kona, alitaka kutoka kwa mlango wa nyuma, lakini mkewe, Geneviève, alikuwa ameshaweka viti.

Alijiandaa kwa matusi. Aliyataka, kusema kweli, yangempumzisha. Badala yake Gauthier alipiga magoti kwenye vumbi, akanyoosha kuku kwa mikono miwili.

"Baba, nimekuja kwa kosa yangu. Asubui ulinituma mara tatu. Mara tatu nilikataa neno ya mukwe wangu mbele ya batu. Weye ulitaka kuniokoa, miye nikaleta kichwa ngumu, mupaka bakakufunua tumbo mbele ya bamama. Kuku ni ya hiyo."

Gentille alikuwa analia kimya, kitambaa mdomoni. Na sheria ya kwao ilikuwa wazi. Mzee akikataa kuku wa toba, binti anabaki kwa wazazi wake mpaka neno liishe. Akimpokea, basi, imekwisha, na hakuna wa kulifufua tena.

"Gauthier," Hilaire alianza. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye wa kuleta kuku, yeye ndiye wa kupiga magoti, kwamba neno lilikuwepo na alilimeza kwa sababu ya kadi ya plastiki. Aliona jinsi Gauthier alivyokuwa akimtazama, kwa heshima ileile ya asubuhi, haijapungua hata kidogo. Akiyasema haya, ile heshima itakufa hapohapo kwenye vumbi, na kesho saa kumi na mbili yeye bado ataenda kazini.

Akapokea kuku.

"Imekwisha, mutoto yangu," alisema.

Geneviève alimpika yule kuku na vitunguu. Walipokaa kula, Gauthier alichagua firigisi, kipande cha mkubwa wa nyumba, akakiweka kwenye sahani ya baba mkwe wake, akasubiri, maana mdogo haanzi. Hilaire alikichukua, akakitafuna, akakimeza, na Gauthier naye akaanza kula.