Namba Tisa Imekauka

Kusema kweli, nilikwenda bwawani nikiwa nimenuna. Binti yangu wa pekee kaposwa, baba wa kijana anataka tuonane, halafu ananiita kazini kwake! Ati yeye ndiye mlinzi wa ukuta wa bwawa, na Jumapili habanduki. Mimi ni fundi bomba, mwaka wa ishirini na nane huu, na Jumapili yangu nayo ni Jumapili.

"Baba, leo ulimi uutie breki," binti yangu aliniambia getini. "Huyu mzee bado hajakubali. Anasema anataka kwanza aone nimetoka kwa watu gani."

Nikaahidi. Nilijiandaa pia kutoshangaa chochote. Tukapita bustanini, nyasi zimekatwa vizuri, familia zimetandika mikeka, watoto wanabiringika kwenye mteremko. Kisha miti ikaisha, na mdomo wangu ukabaki wazi. Ukuta ulikuwa umesimama pale kutoka upande mmoja wa bonde mpaka mwingine, mawe matupu, kila jiwe kubwa kuliko kabati la nguo, yamechongwa kwa mkono na watu waliokufa kabla babu yangu hajazaliwa. Nilitafuta kasoro, maana ndiyo tabia yangu, nikakosa. Shingo iliniuma kwa kutazama juu. Nilijiona mdogo, na ajabu ni kwamba sikuchukia.

Mlinzi alikuwa mzee mwembamba, mpole wa sauti. Wenzake kazini wanamwita Mzee Tone.

"Karibu, fundi," alisema. "Upande wa nje kila mtu anauona. Njoo nikuonyeshe ndani."

Ndani? Kumbe ukuta una ndani! Akafungua mlango mdogo wa chuma, tukashuka ngazi sabini na moja, yeye na mwanawe, mchumba wa binti yangu, mbele, binti yangu katikati, mimi nyuma nikipapasa mawe. Chini kulikuwa na ujia mwembamba unaopita katikati ya ukuta wenyewe. Baridi yake iliingia mpaka kwenye mifupa. Mzee akagonga jiwe kwa kidole.

"Nyuma ya hapa kuna ziwa zima," alisema taratibu, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Nywele zilinisimama.

Lakini fundi ni fundi. Kando ya ujia yalitokeza mabomba kumi na manne yenye namba za rangi nyeupe, na yote yalikuwa yanavuja! Moja linadondosha, jingine linatiririka, maji yanakwenda zake kwenye mfereji, wala hakuna anayeona haya. Namba tisa ndilo lililotia fora. Nikawaza, maskini mzee wa watu, kakosa fundi. Wenzangu walipotangulia nikatoa mfukoni kizibo cha mti, nikakizungushia katani, nikakipigilia kwa spana. Kimya. Hata tone. Nikapanda ngazi nikitabasamu peke yangu. Nani aliwahi kumpelekea mkwe zawadi kama hiyo?

Tukakaa kwenye nyasi chini ya ukuta, tukala, tukataniana. Mzee alianza kunizoea. Saa kumi akaaga akapime mabomba yake kama afanyavyo kila siku, nami nikakaa mkao wa kusifiwa.

Alirudi anakimbia, mzee wa umri ule, uso umempauka.

"Namba tisa imekauka," alimwambia mwanawe. "Kapige king'ora. Watu wote watoke bustanini, sasa hivi!"

"Si afadhali likikauka?" nikauliza.

"Fundi, maji lazima yapenye chini ya ukuta, hakuna wa kuyazuia. Yale mabomba ndiyo njia yake ya kutokea. Yakikosa njia, yanauinua ukuta kutoka chini. Miaka thelathini na moja sijawahi kuona bomba kavu. Sijui kimetokea nini humo ndani, na mpaka nijue, sitaki mtoto hata mmoja kwenye hizi nyasi."

Nikakumbuka kizibo changu. Kijana alishatoka mbio. Binti yangu alikuwa amembeba mtoto asiyemjua, anawahimiza wenye mikeka wainuke. Ningenyamaza, nani angejua? Ningeweza hata kujitolea kushuka, nikichomoe kizibo kwa siri, nirudi juu niitwe shujaa. Wazo hilo lilinijia, sifichi. Nikamsogelea.

"Mzee, ni mimi. Nimeliziba mimi. Nilidhani linavuja."

Binti yangu aliganda na mtoto wa watu mkononi. Mzee Tone akamwita mwanawe kwa sauti kubwa, asimame. Kisha akachukua tochi.

"Twende," alisema.

Tulishuka wawili tu. Nikakishika kizibo, nikakizungusha, nacho kikanitoka mkononi kama kilichopigwa teke. Maji yaliruka yakavuka ujia mzima, yakapiga mawe ya upande wa pili, na mlio wake ukajaa kila mahali. Nilikuwa nimeyafungia saa chache tu! Mzee akanishika mkono, akakisogeza kiganja changu mpaka kwenye maji. Yakakisukuma nyuma. Nikakaza kwa nguvu zangu zote, yakakisukuma tena, bila hasira, bila haraka. Maisha yangu yote nimeshika maji, lakini siku ile ndipo nilipoyajua. Niliogopa, na humo humo kwenye hofu nikaona uzuri ambao sijapata kuuona. Waliojenga ukuta ule walijua kuwa maji hayashindwi, basi wakayaachia mlango. Machozi yalinitoka na sikuyafuta.

Maji yalipotulia, mzee alitoa daftari lake akaanza kuandika.

"Andika ukweli wote," nikamwambia. "Ila binti yangu hana kosa. Hakujua."

Alipomaliza akanigeuzia ukurasa, akaumulika kwa tochi. Alikuwa ameandika: "Namba tisa ilizibwa na mkwe wangu, fundi bomba. Amesema mwenyewe kabla ya kuulizwa. Maji yanatoka."

Nilisoma mara mbili.

"Weka sahihi hapo chini, mkwe," alisema, akanipa kalamu. "Halafu twende juu, watoto wana wasiwasi."