Herufi Shingoni

Asubuhi ile Éphraïm alipoondoka kwenda machimbo ya dhahabu ya Manguredjipa, mkewe Kyakimwa alimfunga uzi shingoni pale mlangoni, akakaza fundo, akamwambia asithubutu kuufungua. Kwenye uzi kilining'inia kipande cha mti wa mkaratusi, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na juu yake herufi X iliyochomwa kwa msumari wa moto.

Ulikuwa mwaka wa 2000. Waasi na askari wa kigeni waliokuja nao walishika Butembo na Beni, mai-mai, wanamgambo wa vijijini waliowapinga, walishika misitu, na mwalimu hakumkumbuka tena mtu wa mwisho aliyemlipa mshahara. Éphraïm alifundisha Kifaransa. Likizo ikifika alipeleka chumvi na sabuni kwa wachimba dhahabu, yeye na jirani yake Vagheni, ambaye kazi yake ilikuwa kusukuma baiskeli za mizigo.

Kyakimwa alikulia Kasese, ng'ambo ya mpaka, na Kiingereza kilikuwa kinywani mwake tangu utoto. Éphraïm alikitaka kile Kiingereza. Ndiyo maana alichonga vipande vya herufi zote za alfabeti, na kila jioni baada ya kula walizimwaga kwenye mkeka. Mmoja anafumba macho anaokota herufi, kisha lazima alete neno la Kiingereza lenye herufi hiyo, neno ambalo halijapata kutajwa katika nyumba ile. Akikosa, anaivaa shingoni mpaka siku atakapolipata, na wa kuukata uzi ni mwenzake peke yake. Éphraïm aliwahi kufundisha juma zima akiwa na Z chini ya shati.

Jioni ya kuamkia safari aliokota X. Box, six, fox, tax, yote Kyakimwa alikwisha kuyatumia zamani.

"Weye ulinyonya Kiingereza, mama Joyeuse," alilalamika. "Miye ninakula yenye kubakia."

"Basi uvae, baba Joyeuse. Labda kitakuingilia mu shingo."

Vagheni alirudi peke yake, bila baiskeli, bila mzigo, miguu imevimba. Aliketi jikoni kwa Kyakimwa, akaomba maji, akayashika bila kuyanywa. Alisimulia kwamba njia nzima Éphraïm alikuwa akinong'ona maneno yake ya Kiingereza kama mtu anayesali rozari. Walipokuwa wakipanda kilima cha mwisho alisimama ghafla, akacheka, akasema amelipata. Akalitamka kwa sauti. Vagheni alimwambia basi autoe ule uzi, unamkereketa bure. Éphraïm akakataa: mwenye mkasi yuko Butembo.

Upande wa pili wa kilima kulikuwa na barieri, kizuizi cha askari wa waasi. Askari mmoja aliuona uzi, akauvuta, akatazama kile kipande cha mti chenye alama ya moto. Kila mtu alijua mai-mai huvaa hirizi shingoni. Éphraïm alieleza kwamba ni mchezo, yeye na mkewe, wanatafuta maneno. Alieleza kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa. Askari aliwageukia wenzake.

"Mutu mukubwa anavaa muchezo mu shingo?"

Vagheni walimpekua, wakamkuta shingo tupu, wakamfukuza. Alipokuwa amefika bondeni alisikia risasi mbili.

Kyakimwa hakulia mbele yake. Aliuliza jambo moja tu, ni neno gani. Vagheni akatikisa kichwa. Yeye Kiingereza hajui. Lilipita sikioni mwake, basi.

Mzee Siméon, babake Éphraïm, alitaka matanga yaanze siku ile ile. Mwili haukuwapo na hakuna aliyethubutu kuufuata, lakini watu wangekuja, padri angesoma misa. Kyakimwa akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake.

"Baba, munigojee. Kuko neno aliniletea. Haiyanifikia."

"Mutoto yangu hawezi kulala inje hivi," alisema mzee. Lakini alingoja.

Basi kila jioni Vagheni alikuja kuketi mkekani, na Kyakimwa akamtajia maneno. Aliyatoa katika Biblia ya Kasese, katika makatoni ya sabuni, katika vibandiko vya dawa za kikohozi. Axe. Mix. Wax. Extra. Export. Aliyatamka polepole, halafu haraka, halafu jinsi Éphraïm angeyatamka, kwa ulimi wake wa Kifaransa. Vagheni alifumba macho, akasikiliza kwa bidii ya mtu anayesikiliza nyayo.

"Hapana ile," alisema. "Hapana ile pia."

Alikonda. Mkewe alisema hata usingizini anajibu hapana. Kyakimwa naye aliacha kupika. Mtoto Joyeuse alikula kwa babu yake. Kulipotangazwa misa ya marehemu kanisani, mzee Siméon aliinamisha kichwa, maana jina la mwanawe halikuwa miongoni mwa yaliyosomwa.

Jioni moja maneno yalimwishia Kyakimwa. Alitazama ukuta, akataja lililomjia, ili asinyamaze tu: "Taxi."

Vagheni akafumbua macho, akaitikia. "Njo ile."

Kyakimwa alimtazama. Vagheni alizaliwa Butembo. Neno taxi alilitamka kila siku ya Mungu, sokoni, njiani kwenda uwanja wa ndege wa Rughenda. Kama lingekuwa lile, asingelisahau hata nusu saa. Vagheni alikuwa ameinamisha uso, anachezea nyuzi za mkeka.

"Una hakika?"

"Njo ile, mama Joyeuse. Alisema ile."

Kyakimwa aliinuka kutoka mkekani. Kisha akachukua mkasi juu ya kabati, akakata hewa mara moja mbele yake, kama anayekata uzi shingoni, akaurudisha mahali pake.

"Aksanti, Vagheni. Sasa uende kulala."

Asubuhi alikwenda kwa baba mkwe wake, akamwambia aite watu wa matanga.

Sasa Joyeuse amekuwa mkubwa, na jioni wanacheza wawili, yeye na mamake. X walichonga nyingine. Anayekosa neno anaosha vyombo.