Tangi Lijibu Lenyewe

Fundi wa pampu alisimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, mikono kiunoni, akamtazama bintiye kama mtu asiyemjua.

"Ni programu ileile iliyotuogesha juzi?"

"Nimeirekebisha, baba."

"Mcheza kwao hutunzwa, lakini hapa si kwenu. Hapa ni kazini."

Meneja wa maji alicheka kidogo tu. Leo alikuwa anakata shauri: programu iendelee katika vituo vyote, au warudie swichi za mkono na binti akatafute kazi kwingine.

Kosa la juzi lilikuwa la binti, na hakulikana. Katika faili ya mipangilio kuna mstari wa kiwango: maji yakikifikia, pampu huzima. Ukiachwa mtupu, programu hushika chaguomsingi, yaani namba iliyowekewa tayari. Binti hakutaka namba moja kwa matangi yote, maana kila mbuzi ana urefu wa kamba yake. Akaandika kwa Java, lugha ya kuundia programu, hesabu ya kutafuta sehemu tisa kwa kumi za kimo cha tangi. Hesabu safi! Ila aliiacha ifanyike wakati programu inafungashwa ofisini, penye tangi refu la majaribio. Jibu likagandia humo, likasafiri hadi hapa, kwenye tangi fupi. Maji yakafurika mpaka ndani ya viatu vya baba yake.

Sasa alikuwa ameondoa jibu, akaweka swali. Kila inapowashwa, programu ikikuta mstari mtupu husoma kipimo kilichofungwa juu ya tangi la hapohapo, kisha ndipo hupiga hesabu.

Fundi aliinamia skrini, akaufikia ule mstari kwa kidole.

"Mbona hapa pana namba?"

"Nimeandika mwenyewe. Tahadhari tu."

"Kwa hiyo huiamini kazi yako."

Maneno yalimchoma. Yalikuwa ya kweli. Alivuta kibodi, akaifuta namba mbele ya macho yao wote wawili, akawasha.

Pampu ikanguruma. Maji yakaanza kupanda ndani ya bomba la kioo linaloonyesha kimo cha tangi, polepole, kama yanayomdhihaki. Meneja akarudi nyuma, akakunja miguu ya suruali. Fundi hakusogea.

Kisha pampu ikanyamaza. Maji yalikuwa yametulia chini kidogo ya ukingo, pale hasa alipoyataka.

"Vituo vyote," meneja alisema. "Anza kesho."

Simu ya fundi ikaita. Alikuwa mkewe, na fundi akamjibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Binti yangu kawashinda mainjinia wote! Nini? Wangu, ndiyo! Akifurisha maji ni wako, akiyazuia ni wangu."

Binti alikuwa ameshafunga begi.

"Kesho ni mbali, bosi," alisema. "Nipe funguo za kituo kinachofuata."