Miguu ya Dizeli

Soksi ilikuwa nyekundu, na baba alikuwa anacheka.

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, fulana imemganda mgongoni kwa jasho, akinisimulia jinsi alivyowapita vijana wawili kwenye mlima wa tangi la maji. "Wamevaa viatu vinavyong'aa kama taa za harusi," alisema, "nikawapita nawaamkua. Mmoja hata kuitikia alishindwa, pumzi zimemwishia." Huku akisema alikuwa akivua kiatu cha kushoto. Akakipindua. Jiwe dogo lenye ncha likadondoka kwenye saruji, na baada ya jiwe likafuata tone.

"Baba. Mguu."

Aliutazama kama mtu anayeonyeshwa mguu wa jirani. "Lahaula," akasema. "Na hili nalo liliingia saa ngapi?"

Mimi ndiye niliyeivuta ile soksi. Chini ya kidole gumba ngozi ilikuwa imechimbika, na jiwe lilikuwa limejitengenezea kitanda humo. Nikabonyeza kando ya kidonda, polepole, kisha kwa nguvu.

"Unaumia?"

"Wala."

"Na hapa?"

"Umeshagusa?"

Mama alitoka, futi ya kupimia nguo ikimning'inia shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani, mahali ambapo aliweza kushona huku akisikia kila kilichosemwa ndani na nje. Akainama, akautazama mguu.

"Hakiumi," baba akamwambia kabla hajaulizwa.

"Hicho ndicho kinachonitisha," mama akasema.

Baba alikuwa dereva wa gari la soda. Kutwa nzima alikuwa ameketi nyuma ya usukani, na kila duka aliloshushia kreti, mwenye duka alimfungulia chupa ya baridi, maana si adabu kumwacha mtu na kiu mbele ya soda aliyoileta mwenyewe. Mchana alikula chips na soseji kwenye karatasi, amesimama, akizungumza na watu. Jioni alikunywa chai ambayo kijiko, kwa maneno ya mama, kingeweza kusimama chenyewe ndani yake. Kisha alfajiri, mvua au jua, alikuwa barabarani anakimbia.

Wakimbiaji wa mtaani walimwita Dizeli, kwa sababu hakuwa na kasi ya kutisha lakini injini yake haikuzimika. Jina lilimpendeza. Alilitumia hata kazini.

"Hiyo dizeli," mama alimwambia siku moja, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, "ukiichanganya na sukari injini inakufa. Muulize fundi yeyote."

"Inakufa ya gari lililolala, mama watoto. Hili halilali."

Watoto tulikuwa mmoja, lakini alimwita hivyo, labda kwa matumaini.

Hakukimbia kwa kupenda sifa. Baba yake mwenyewe alikuwa mtu mnene, aliyefia kwenye kiti cha sebuleni kabla mvi hazijamwenea, na baba ndiye aliyemkuta. Tangu siku hiyo aliogopa kitambi kama wengine wanavyoogopa nyoka. Aliamini kwamba ugonjwa ni mzigo unaoonekana, unaoning'inia mbele ya mkanda, na mwenye tumbo bapa ameshaokoka. Naye tumbo lake lilikuwa bapa kama ubao wa kupigia pasi. Wageni waliokuja nyumbani walimtazama wakasema, "Wewe mzee huzeeki," naye akavuta shati kulionyesha.

Alikuwa na msemo wake. Mama akimwondolea bakuli la sukari mezani, alilivuta tena kwake, taratibu, bila ugomvi, akasema: "Deni la mdomo hulipwa na miguu." Kisha akanikonyeza, na kesho yake tukakimbia raundi ya ziada uwanjani, mimi na yeye, kulilipa.

Nilianza kukimbia naye nikiwa bado naogopa mbwa. Alinifundisha kupumua kwa tumbo, kutotazama kilele cha mlima, kusalimia watu njiani ili nijue kama pumzi bado ninayo. Aliniita mwenzangu. Shuleni wenzangu walikuwa na baba waliowaona jioni, wamechoka, nyuma ya gazeti. Mimi wangu nilimpata asubuhi, mzima mzima, kabla dunia haijamgusa.

Sukari iligundulika kwa bahati, kwenye upimaji wa madereva kazini. Daktari wa hospitali alikotumwa alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Nilikuwepo, mama alinituma niende kwa kuwa alijua baba angerudi na nusu ya maneno.

"Daktari," baba alisema, "mimi ninakimbia kila siku."

"Ninaona. Moyo wako ni mzuri kuliko wangu."

"Basi nitaongeza."

"Sijakwambia uongeze, mzee wangu. Nimekwambia upunguze. Soda, sukari, vya kukaanga."

"Nikiongeza mbio, si ni hesabu ileile?"

Daktari akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mbio ni dawa," akasema. "Si kifutio."

Akampa vidonge, akamweleza kuhusu ganzi, akamwomba aikague miguu yake kila jioni, hata kwa kioo. Baba aliitikia kwa heshima yote. Njiani kurudi alisimama kwenye kibanda, akanunua soda, akaifungua, akaitazama, akaninyooshea mimi. Nilidhani ameielewa ile habari. Nilipomrudishia chupa ikiwa nusu, aliimaliza.

Sitasema hakujaribu. Kuna wiki alikula mboga na kunde na samaki wa kuchemsha kama mtu anayetumikia kifungo, bila kulalamika. Lakini kazi yake ilikuwa ile, na maduka yalikuwa yaleyale, na kila mlango uliofunguka ulikuwa na mtu mwema mwenye chupa ya baridi mkononi. Aliporudi kwenye chupa, aliongeza mbio, kama alivyoahidi. Alikonda zaidi. Watu wakamsifu zaidi. Ganzi ilipoanza, alifurahi. "Nyayo zimekomaa," aliniambia. "Zamani lami ilikuwa inaniunguza. Sasa nakanyaga sufi."

Kwa hiyo asubuhi ile ya soksi hakuona sababu ya kwenda hospitali. Mbio za mji zilikuwa zinakaribia, na mwaka ule ndio kwanza nilikuwa nimefikia umri wa kuandikishwa. Tungekimbia pamoja, na namba kifuani. Mama alikuwa ameshashona fulana mbili za rangi moja. Baba akaosha kidonda kwa maji ya chumvi, akabandika plasta, akavaa soksi safi. Mama alimsihi. Kisha alimfokea. Kisha alificha viatu vyake kwenye pipa la vitambaa, naye akakimbia na vya zamani.

Siku chache baadaye mama alikuwa anapiga pasi akasimama ghafla, akanusa. Alidhani kuna panya aliyekufa chini ya kabati. Tulihamisha kabati. Baba alikuwa ameketi kitini anatutazama, mguu kwenye ndara, na alipoona tunarudi upande wake tukinusa, uso wake ulibadilika kwa namna ambayo sijapenda kuikumbuka. Yeye mwenyewe harufu hakuwa ameisikia. Aliisikia kwenye macho yetu.

Kwanza waliondoa kidole. Kisha vingine. Kisha daktari yuleyule akaja kuketi kando ya kitanda, na daktari akiketi, unajua.

Alieleza kwamba sumu inapanda, kwamba wakikata chini ya goti bado kuna nafasi ya kuokoa kilichobaki. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Mashavu yalikuwa yameingia ndani, lakini paja lililokuwa juu ya shuka bado lilikuwa paja la mkimbiaji, limekazana, limechorwa.

"Niambie kweli," akasema. "Mbio zote zile. Hazikunifaa kitu?"

"Zimekufaa sana," daktari akasema. "Bila hizo ungekuja hapa miaka mingi nyuma, au usingefika kabisa. Lakini mzee wangu, asubuhi ulikuwa unafagia nyumba, mchana unaingiza mchanga kwa toroli. Hakuna ufagio wa kushinda toroli."

Baba alitikisa kichwa, kama mtu aliyepewa maelekezo ya njia ambayo ameshaipita. Akamgeukia mama. Alijaribu kutabasamu.

"Si nilikwambia miguu italipa?" akasema. "Imelipa."

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia mbele ya watu, alichukua shuka safi lililokuwa limekunjwa vizuri, akalikunjua, akaanza kulikunja upya. Alipomaliza akalikunjua tena.

Wageni walikuja kwa wema wao. Wakaleta biskuti. Wakaleta keki yenye krimu. Wenzake wa kazini walileta kreti nzima ya soda, ileile aliyoipenda, wameifunga utepe. Walisimama kuzunguka kitanda, wanaume wakubwa wenye vifua vipana, hawajui waweke wapi macho. Mama aliwashukuru mmoja mmoja. Walipoondoka akaigawa kreti kwa wodi nzima, kwa wauguzi na wenye kuuguza, mpaka chupa zikaisha, kisha akarudi akaketi akamshika baba mkono.

Nyumbani baba alikula kila alichowekewa. Chai bila sukari, sawa. Uji bila sukari, sawa. Bakuli lilikaa palepale mezani, hakuna aliyelificha, hakuna aliyelivuta. Mama alikuwa ameshinda vita vya ndoa yao yote, na wala sikumwona akifurahi. Siku moja nilimsikia akimwambia, kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "Weka nusu kijiko, bwana, leo tu." Baba akasema hapana, asante, ameshazoea. Mama akatoka barazani. Cherehani ikalia muda mrefu, na nilipochungulia, hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

Kisha macho yakafuata. Damu ilivuja ndani yake, kwanza kama buibui mdogo aliyetembea ukutani bila kushuka, halafu kama kioo kilichopumuliwa. Alijua mchana na usiku. Alijua mlango na dirisha. Watu aliwajua kwa nyayo zao na kwa jinsi walivyokohoa.

Mimi nilikuwa nimeacha kukimbia. Hakuna aliyenikataza, niliona tu si haki kufunga kamba za viatu katika nyumba ile. Ikapita miezi kadhaa. Halafu asubuhi moja baba akaniita barazani.

"Mwenzangu, sikusikii ukitoka."

"Nimechoka, baba."

"Mbio hazijanikosea kitu," akasema. "Nilizitwika mzigo usio wake, basi. Wewe kula chakula cha mama yako, kisha ukimbie. Usiniache niketi hapa peke yangu na kimya."

Kesho yake nilitoka. Alikuwa ameshaamka, kiti chake cha magurudumu kimeelekezwa barabarani, akisikiliza hatua zangu mpaka zilipopotea.

Alifariki mwaka ule ule, moyo ukiwa ndio kiungo cha mwisho kukubali. Daktari alituambia hivyo, na nadhani alidhani inatufariji. Lakini kabla ya hapo, mbio za mji zilikuja tena, na baba aliomba kazi. Hakutaka kukaa pembeni kupigiwa makofi ya huruma. Wakampa meza ya maji, karibu na mwisho, kwenye kona ya posta. Mama alijaza vikombe kwenye ndoo, yeye akavinyoosha.

Sikuwa nimewahi kukimbia umbali ule peke yangu. Nilipoikaribia kona, miguu ilikuwa imeshakuwa ya mtu mwingine, na spika za waandaaji zilikuwa zinapiga muziki kwa kishindo hata sikusikia pumzi zangu. Nikamwona. Alikuwa amevaa ile fulana ambayo mama aliishona mwaka uliotangulia, imempwaya mabegani. Suruali ya kushoto ilikuwa imekunjwa na kufungwa kwa pini. Mama alikuwa ameinamia ndoo, kanipa mgongo. Wakimbiaji walipita mmoja mmoja, nao wakapokea, na kila mmoja baba alimtupia neno, kichwa kimeinama upande mmoja, sikio likielekea barabarani.

Nilipunguza mwendo. Mkono wake ulikuwa umeshanyooshwa, umetulia, kikombe kimejaa bila kumwagika. Nilikipokea kwa mikono miwili, na vidole vyangu vikagusa vyake.

"Asante, baba," nikasema. Koo lilikuwa kavu. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu yeyote, na neno lenyewe ndilo walilomwambia vijana wote waliopita pale.

"Haya, mwanangu," akasema. "Kaza. Umebakiza kidogo."

Uso wake ulikuwa umeshageukia hatua zilizokuwa zinakuja nyuma yangu. Mkono ukarudi kwa mama, ukapewa kikombe kingine. Watu walikuwa wananipita. Nikayanywa yale maji yote, nikaanza tena kukimbia, na nyuma yangu nikamsikia, juu ya muziki, kwa furaha ileile:

"Maji, mwanangu. Maji hapa."